Wakiuru na Hadithi Yake Isiyo na Mtoto

Wasifu wa marehemu Esteri Wakiuru, mke wa marehemu Theuri. Unasomwa na Murugi, binti ya ndugu yake, na familia imesema asipunguze neno hata moja.

Kabla ya kwenda mbali, kila mtu afungue programu yake ya mazishi, hapo pa kuweka mchanga kwa kaburi. Mtaona imeandikwa "bwana", na mbele yake "alitangulia". Mtaona imeandikwa "watoto", na mbele yake hakuna kitu. Hiyo sio makosa ya mtu wa taipu. Mtu wa taipu huko Nyeri mjini alidhani ni makosa, akajaza "watoto wote", akarudishiwa karatasi akaambiwa atoe. Imeachwa wazi kwa sababu Wakiuru mwenyewe ndiye alisema iachwe. Mkisikiliza mpaka mwisho mtajua ni kwa nini, na mtajua mtafanya nini tukifika hapo. Wale wa nyuma wanaoulizana kuhusu chakula wanyamaze. Chakula iko.

Wakiuru alizaliwa hapa Wamagana tarehe tatu mwezi wa tano, mwaka wa 1938, wakati wa mvua kubwa. Baba yake alikuwa Gicheru na mama yake Murugi, ndiye huyu anayesoma aliitwa jina lake. Mbele ya Wakiuru kulizaliwa dada yake Watiri, na nyuma yake ndugu yake Kingori, baba ya huyu anayesoma. Alizaliwa mdogo sana, mpaka jirani mmoja akasema huyu hatamaliza mwezi. Huyo jirani alienda zamani. Wakiuru ndiye tunazika leo, akiwa na miaka karibu sitini.

Tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Jioni shosho yao, yaani nyanya yao, alikuwa akiwaambia hadithi kwa moto, na moja ilikuwa ya mwanamke tasa aliyekula watoto wa wenzake. Watoto wengine walijifunika shuka. Wakiuru akauliza, "Shosho, na kabla aanze kula watoto, alikuwa akikula nini?"

Shosho akasema, "Hiyo haiko kwa hadithi. Lala."

Hakulala. Alikaa akiwaza huyo mwanamke alikuwa na shamba ama hakuwa nayo, na kama alikuwa nayo, nani alimfanya aiache.

Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1947. Alisoma vizuri mpaka Emajensi ya mkoloni ikakuja, watu wakahamishwa kwa kijiji ya waya, wasichana wakapelekwa kuchimba mtaro badala ya kusoma. Alirudi shule akiwa msichana mkubwa, akaketi na watoto wa kumfikia kwa kiuno, wakamcheka, na mwaka wa 1959 akamaliza darasa la saba. Watiri yeye aliishia darasa la pili na hajawahi kukosa la kusema, lakini mtu wa kusoma kwa hiyo nyumba alikuwa Wakiuru. Alikuwa akisoma hata karatasi ya kufungia sukari.

Tarehe kumi mwezi wa kumi na mbili, 1960, aliolewa na Theuri, fundi wa mawe. Nyumba nyingi huko Skuta ni yeye alijenga. Theuri alikuwa mtu mpole. Mtu mpole anaweza kukuumiza sana, kwa sababu hata huwezi kupata pahali pa kugombana naye.

Hapo ndipo woga ya Wakiuru ilianza. Mama mkwe wake alikuwa akiangalia kamba ya kuanika nguo. Kila mwezi akiona vile vitambaa vya mwanamke vimeanikwa, anaingia jikoni anagonga sufuria, na boma yote inajua. Wakiuru akaanza kuanika hivyo vitambaa chini ya kitanda, mahali jua haifiki. Havikukauka vizuri hata siku moja. Alikuwa akivaa unyevu, akienda kuchuma kahawa na unyevu, akiketi kanisani na unyevu, kama mtu ameiba. Mama mkwe alipoona kamba iko tupu, akamchinjia kuku akidhani kuna mimba. Wakiuru alikula hiyo kuku akilia. Hakujua atasema nini.

Wenzake walioolewa mwaka mmoja na yeye wakaanza kubadilisha majina. Mmoja akawa Mama Ngugi, mwingine Mama Mwaniki. Kule kiwanda ya kahawa wakipanga laini wanaitana, "Mama Ngugi, songa! Mama Mwaniki, leta debe!" Yeye aliitwa "wewe". Miaka mingi sana, mwanamke mzima na akili yake, "wewe". Na mtu asiseme leo ati alikuwa akimwita Wakiuru. Mlikuwa mkimwita "wewe".

Mwaka wa 1969, Hezekiah, ndugu mdogo wa Theuri, alikuja na maneno. Wazee wakakaa, chai ikapikwa na Wakiuru mwenyewe, na hiyo chai ndiyo walikunywa wakisema Theuri aoe mwingine. Akaoa msichana wa huko Sagana na akamuweka huko huko. Wakakaa pamoja miaka sita. Hakukuzaliwa hata paka. Huyo wa Sagana akaenda zake, akaolewa kwingine, na huko ako na watoto wanne, Mungu awalinde. Basi Hezekiah hakurudi na maneno. Wazee hawakukaa. Hakuna mtu alikunywa chai juu ya Theuri, na mama mkwe hakupanda gari kwenda kuangalia kamba ya Sagana.

Watiri alimwambia, "Sema sasa. Simama kwa soko useme."

Wakiuru akasema, "Nikisema, watu watawacha kunihesabu mimi waanze kumhesabu yeye. Mimi nitabaki tu vile niko. Na yeye ataumia."

Watiri akasema aumie. Hajabadilisha hiyo maneno mpaka leo. Theuri alirudi nyumbani, akazeeka, akagonjeka, na Wakiuru ndiye alimwosha na kumlisha mpaka siku alikufa, mwezi wa tatu 1988.

Sasa wale walikuwa hapa siku ya kuzika Theuri wanakumbuka. Mchungaji wa wakati huo aliita watoto waje waweke mchanga. Kukawa kimya. Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa, kana kwamba homa imeingia kwa mazishi. Mchungaji akageuza karatasi haraka haraka. Hezekiah kuona aibu imefika kwa mlango, akasukuma watoto wake mbele: "Nendeni, nendeni!" Mmoja wao akiwa ameshika mchanga kwa mkono akauliza kwa sauti, "Baba, kwani mimi ni mtoto wa nani sasa?"

Kuna watu walicheka. Wakiuru alikuwa amesimama hapo karibu na kaburi, ameshika kofia ya bwana yake. Tangu siku hiyo, miaka tisa, hakuogopa kufa. Aliogopa hiyo kimya. Alijua itamrudia, na hataweza hata kuinua mkono ajifunike uso.

Lakini kuna kazi yake, na lazima isemwe, kwa sababu wengine hapa mlifikiri kazi yake ilikuwa kukosa mtoto. Mwaka wa 1979 serikali ilipotangaza watu wazima wasome, Wakiuru akapewa darasa ya gumbaru hapa Wamagana. Darasa ilikuwa kwa nasari ya kanisa. Wanawake wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kwa kidevu, na ukutani kuna picha ya bata. Walikuja na miguu ya shamba. Hakumcheka mtu yeyote, kwa sababu yeye mwenyewe alishachekwa kwa dawati.

Kitabu walipewa ilikuwa na picha ya mwanamke ako na mtoto mgongoni. Ukifungua mbele, ako na mtoto mgongoni analima. Ukifungua tena, ako na mtoto mgongoni anachota maji. "Mama ana mtoto. Mama analima. Mama anachota maji." Siku moja Wamucii, mjane wa hapo juu, alikuwa akisoma na kidole, jasho inamtoka. Alipomaliza ukurasa, Wakiuru akauliza darasa, "Na mwanamke ambaye hana mtoto, ako ukurasa gani?"

Wakatafuta. Wamucii akafungua kitabu mpaka mwisho, akairudisha mpaka mwanzo.

"Mwalimu, huyo hayuko kwa kitabu."

"Ako wapi?"

"Ako hapo mbele ametushikia chaki."

Darasa yote ikacheka mpaka viti vikalia. Wakiuru pia alicheka. Halafu akatoka nje kidogo, akasimama kwa ukuta, na aliporudi chaki ilikuwa imekuwa unga ndani ya mkono wake. Akaandika kwa ubao: "Leo tunaandika huyo."

Kutoka hapo akawa anawaambia kila mmoja alete hadithi ya kwao, wasome na waandike hiyo. Zikaletwa nyingi. Akazisikiliza zote, akawaambia, "Mmeona? Mwanamke tasa kwa hadithi ako na njia tatu. Ajitupe kwa maji, ageuke zimwi, ama azae kwa mwisho. Hakuna ya nne?"

Wamucii akasema, "Ya nne ni kulima, mwalimu."

Hiyo ya nne ndiyo Wakiuru alitafuta miaka mingi. Aliogopa kuisema, kwa sababu alijua watu watasema anajiimbia mwenyewe. Ilipotoka, ilikuwa fupi hivi.

Mwanamke mmoja anaitwa Wangeci ananyeshewa usiku. Anagonga nyumba ya kwanza. Wanamuuliza kutoka ndani, "Wewe ni mama nani?" Anasema, "Mimi ni Wangeci." Wanasema, "Wangeci mama nani?" Anasema, "Wangeci tu." Mlango haifunguki. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Anafika nyumba ya mwisho, mvua imeingia mpaka kwa mifupa. Mwanamke wa hapo ndani hamuulizi yeye ni mama nani. Anamuuliza, "Umenyeshewa?" Anasema, "Nimenyeshewa." Anaambiwa, "Ingia." Hadithi imeisha.

Mwezi wa nane, 1994, kulikuwa na mashindano ya michezo ya kuigiza ya akina mama huko Nyeri mjini. Kikundi ya kanisa haikuwa na mchezo, na mwenyekiti wao alikuwa Jeniffer, Mama Ngugi, yule yule wa laini ya kahawa. Wakakuja kwa Wakiuru, wakachukua hiyo hadithi. Wamucii akawa Wangeci. Wakiuru akawa mwanamke wa nyumba ya mwisho. Wakafanya mazoezi kwa nasari, na Jeniffer akaketi mbele amefunga mikono.

"Mwalimu, hii mchezo ni nzuri. Sasa mtoto anazaliwa wapi?"

"Hazaliwi."

"Ati hazaliwi? Basi tunamaliza aje?"

"Anaingia kwa nyumba, mlango inafungwa, watu wanaenda kwao."

"Watu wataenda kwao na nini?"

"Na miguu, Mama Ngugi."

Jeniffer alisema sawa, na mtu kama huyo akisema sawa, jua anapika kitu. Alikuwa amepanga mtoto wa kuazima, mtoto wa kweli, aletwe kwa jukwaa mwisho wa mchezo bila Wakiuru kujua. Siku hiyo ikafika, mtoto akashikwa na tumbo, mama yake akakataa kumtoa nyumbani. Jeniffer hakushindwa. Nje ya ukumbi kulikuwa na kabichi ya chakula ya mchana. Akachukua moja, akaifunga na shali.

Wakiuru kabla ya kuingia jukwaani alishika ukuta. Ukumbi ilikuwa imejaa watu wa Othaya na Karatina, wote wanajuana kwa majina ya watoto wao, na yeye alikuwa anaenda kuwaambia hiyo njia ya nne. Lakini akaingia. Mlango ya kwanza ikafungwa, ya pili ikafungwa, ya tatu. Wamucii akafika kwa nyumba ya mwisho akitetemeka kama mtu wa mvua ya kweli. Akaulizwa, "Umenyeshewa?" Akasema, "Nimenyeshewa." Na kabla Wakiuru afungue mdomo aseme "Ingia," Jeniffer akatoka nyuma ya pazia akipiga vigelegele.

"Mungu amemkumbuka Wangeci! Ni msichana!"

Akasukumia Wamucii hiyo shali. Wamucii maskini hakujua ni nini, akaishika na mkono moja, shali ikafunguka, na jani ya kijani ikatokea mahali pa uso. Ukumbi ikaanguka kwa kicheko. Wanaume walikuwa wakipiga viti.

Wakiuru angeweza kukimbia. Wengi wenu mngekimbia. Aliweka mikono mbele, akapokea hiyo kitu, akaifungua pole pole kama mtu anafungua mtoto amuoshe. Akakunja shali vizuri, akaiweka kando. Akainua kabichi juu, watu wote waione.

Akasema, "Mmeona? Hata wakinilazimisha, inatoka kabichi."

Wakacheka tena, lakini hiyo kicheko ilikatika katikati. Halafu nyuma kabisa mwanamke mmoja, hakuna mtu anamjua mpaka leo, akaanza kupiga makofi peke yake.

Hawakupata hata namba ya mwisho. Nje Jeniffer akamshika mkono. "Umeniaibisha mbele ya watu wa Karatina!"

Wakiuru akasema, "Mama Ngugi, wewe ndiye umezaa. Mimi nimeonyesha tu."

Wiki iliyofuata akaambiwa asikuje tena kwa kikundi. Ati hiyo ni kikundi ya akina mama, na yeye tangu mwanzo alikuwa amesaidiwa tu kuingia. Hayo maneno yalisemwa kanisani, mchana, na walioyasema wamekaa hapa chini ya turubai. Hakuna aliyemuomba msamaha, na sasa hakuna wa kupokea.

Kutoka hapo wakamwita Mama Kabichi. Mwanzoni aliumia, akawa anaenda soko ya mbali. Halafu siku moja akarudi kwa hii soko yetu na kikapu yake, na muuzaji mmoja akamwita wenzake wakisikia, "Mama Kabichi! Mtoto anaendelea aje?"

Akasema, "Tulimkula jana na nyama, asante kwa kuuliza. Na wako amerudi kutoka Nairobi, ama bado ako ndani?"

Hakuulizwa tena.

Ugonjwa ilianza mwisho wa 1996. Kulikuwa na damu, na kwa umri yake hiyo damu haikuwa ya kawaida. Akaificha, kama alivyozoea kuficha. Murugi, ambaye ni mwalimu na anakaa Skuta, ndiye aliona shuka, akampeleka hospitali. Wakapata kansa ya nyumba ya mtoto. Kuna watu walisema ati ni kwa sababu hiyo nyumba haikutumika. Hao watu wamekunywa chai yetu leo asubuhi. Mwezi wa pili 1997 alipasuliwa, na alipoamka Murugi akamuuliza shangazi yake, "Tata, unasikia aje?" Akasema, "Wametoa nyumba ambayo haijawahi kupangishwa." Na akacheka mpaka ikamuuma.

Nesi wa hapo alikuwa msichana mzuri, lakini kila siku akipita: "Mama, watoto watakuja saa ngapi kukuona?" Kila siku Wakiuru alijitayarisha tangu alfajiri kujibu hiyo swali. Watiri akimtembelea anampata amekaza shuka na mikono yote miwili.

Akatolewa, akakaa kwa Murugi. Mwezi wa saba ilionekana haitapona. Hapo ndipo alimwambia Watiri kitu ilikuwa imemkaa.

"Wakiita watoto, nani atasimama?"

Watiri akasema, "Murugi atasimama na ndugu zake. Si wewe ulimfundisha kusoma?"

"Murugi ako na mama. Bibi ya Kingori atasimama hapo akiona mtoto wake akiitwa wangu? Hapana. Hiyo ni kabichi."

"Basi tuambie mchungaji aruke hapo. Watu hawatajua."

"Watajua. Watasikia ameruka." Akamshika Watiri mkono. "Watiri, mimi naogopa hiyo kimya. Tangu Theuri. Naiota. Nasikia mtu anakohoa nikiwa ndani ya sanduku."

Watiri alikuwa amemshikia kikombe ya uji. Walikaa hivyo mpaka uji ikapoa. Halafu Wakiuru akasema, "Lakini ni yangu. Mambo yangu mengi yalifichwa chini ya kitanda. Hii msifiche. Mwambie aite. Halafu angoje. Na mtu asiniletee mtoto kwa mwisho."

Alikufa Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na sita mwezi wa nane, 1997, huko Skuta. Kulikuwa na yale manyunyu ya Agosti. Aliuliza Murugi kama kuna nguo nje kwa kamba. Murugi akasema ziko. Akasema, "Ziache tu. Wazione." Hakuongea tena.

Kwa mkutano ya mipango Hezekiah alisimama akasema, "Shemeji zangu, hiyo sehemu ya watoto tuitoe. Twende tu kwa majirani. Hakuna haja ya kuaibisha mtu ameenda." Watiri akamuuliza anayeaibika ni nani. Hezekiah akaketi. Halafu Jeniffer akainuka, na machozi, na huenda yalikuwa ya kweli. Akasema akina mama wa kanisa wako tayari kuja mbele wakiwa watoto wa marehemu. Watiri akamwambia, "Mlimtoa kwa kikundi kwa sababu yeye sio mama. Leo mnataka awe mama yenu?" Jeniffer akasema alikuwa anataka kusaidia tu. Watiri akasema, "Hata ile siku ulikuwa unasaidia."

Basi ikabaki wazi, vile mnaiona.

Wakiuru ameacha dada yake Watiri, na ndugu yake Kingori na bibi yake. Ameacha Murugi na ndugu zake, na shemeji yake Hezekiah na watu wa nyumba yake. Ameacha wanawake wa darasa ya gumbaru, wengine wanasoma hii programu sasa hivi na kidole, na wasiharakishwe. Ameacha ng'ombe mmoja ambaye amekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Hakuacha watoto. Imesemwa hivyo kwa sauti, na hakuna mtu ameanguka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kuna woga, na tangu jana familia haijalala. Mchungaji ataita watoto. Ametuahidi hataruka. Hakuna mtu atatoka. Mtu asikohoe. Mtu asisukume mtoto wake mbele. Jeniffer, Mama Ngugi, ubaki umekaa, hata moyo ikikuambia nini. Mchungaji atangoja, vile angengoja mtu anatoka kwa mlango ya nyumba ya Wakiuru anakuja pole pole mpaka hapa. Hamtamuona mtu. Hata hivyo mtangoja. Hiyo kimya Wakiuru aliiogopa miaka tisa akiwa peke yake. Leo tutaibeba sote, tuone kama ni nzito.

Halafu wataitwa wanafunzi. Watakuja wakiwa wanafunzi, kwa sababu ndivyo walivyo. Wamucii atakuwa mbele. Na kama manyunyu itaanza, msikimbilie turubai. Simameni hapo mnyeshewe kidogo. Yeye alinyeshewa sana, na milango ilikuwa yenu.

Wakiuru. Hatukuulizi wewe ni mama nani.

Umenyeshewa.

Ingia.